Nyumba ya Nyaraka za Taifa Mjini Nairobi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya ya wahenga yafaa kukumbukwa na kila apitaye Barabara ya Moi mjini Nairobi, kwani hapo lipo jengo la mawe lililojengwa mwaka 1906 kuwa benki, na ambamo sasa zimehifadhiwa nyaraka za taifa la Kenya. Idara yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Mgeni aingiapo hukuta kwanza kazi za sanaa zilizokusanywa na marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Lakini hazina iliyo kubwa zaidi ni majalada. Humo mna taarifa walizoandika Mabwana DC kila mwaka, na zile walizoachiana walipokabidhiana kazi: habari za mvua na nzige, njaa na kodi, shule na barabara, na mashauri ya mipaka. Mtafiti hulipa ada, hutafuta nambari ya jalada katika orodha, kisha karani humletea. Kwa kawaida jalada hufunguliwa kwa umma likisha kutimiza miaka 30.

Hata hivyo msomaji mwenye busara hakubali kila neno. DC aliandika aliyoyaona mwenyewe na aliyoambiwa na mkalimani. Mkulima aliyetozwa kodi hakuandika taarifa. Kwa hiyo hapana budi maandishi yapimwe pamoja na masimulizi ya wazee.

Tena yako mapengo. Mwaka 1939 moto uliteketeza ofisi kuu ya serikali Nairobi pamoja na karatasi nyingi. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963, maofisa wa Kiingereza walichoma majalada mengine, na mengine wakayapeleka Uingereza kwa siri. Habari zake zilitangaa mwaka 2011, wakati wazee walioteswa vizuizini siku za Mau Mau walipokuwa wakidai haki katika korti ya London. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya watu 5,228. Karatasi zilizofichwa zilikuwa zimewasaidia kutoa ushahidi.

Basi karani aandikaye tarehe sawasawa, na katibu wa chama cha ushirika atunzaye daftari la mikutano mbali na mchwa, wasidhani kwamba kazi yao ni ndogo. Wanawawekea wajukuu shahidi asiyesahau.