Hati ya pini kwa mtu nisiyemjua

Chipu ya BCM2835, ile iliyomo ndani ya kompyuta ndogo za kwanza za Raspberry Pi zilizotoka mwaka 2012, ina pini 54 ambazo mtumiaji anaweza kuzipangia kazi. Chukua pini ya 14. Inaweza kupokea ishara, inaweza kutoa ishara, au inaweza kukabidhiwa mojawapo ya kazi mbadala, zinazohesabiwa kuanzia sifuri hadi tano. Ukitaka pini hiyo itume data kupitia laini kuu, ambayo ni kazi mbadala sifuri, unaandika 4 katika faili la maelezo ya bodi. Ukitaka itume data kupitia laini ndogo ya pili, ambayo ni kazi mbadala ya tano, unaandika 2. Sifuri inaandikwa 4, na tano inaandikwa 2. Akili hata iwe kali namna gani haiwezi kulikisia hilo. Lazima anayejua awe ameandika.

Na kweli ameandika. Ndani ya Linux, katika kile kiini cha mfumo endeshi kiitwacho kerneli, kuna folda nzima ya hati za pini. Karibu kila familia ya chipu ina yake: pini zipo ngapi, kila moja inaweza kazi gani, namba gani inaamuru nini. Ni maandishi makavu yasiyo na hata neno moja la kumfurahisha msomaji. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Sandoa, mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na maandishi hayo ndiyo yaliyonisomesha.

Kuna jambo moja kuhusu hati hizo ambalo mtu wa mji mkubwa hawezi kulithamini kama sisi. Zinasafiri pamoja na msimbo wenyewe. Anayepakua Linux anapakua na maelezo yake ndani ya furushi hilohilo. Furushi ni zito, linazidi megabaiti 100, kwa hiyo nikienda Kolwezi kwa shughuli nyingine nalipakua huko na kurudi nalo kwenye flashi. Baada ya hapo simhitaji mtu wala mtandao. Nafungua usiku kwa betri iliyojazwa na jua, nasoma. Aliyeandika ukurasa ule hajui kama Sandoa ipo duniani, lakini ameniandikia kana kwamba nimeketi mbele yake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Hadi mwaka 2011 mambo ya chipu za aina ya ARM ndani ya Linux yalikuwa yamevurugika. Kampuni nyingi zilikuwa na msimbo wao kwa bodi zao, na habari za pini zilichanganywa humohumo na programu. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alilalamika waziwazi. Raia wa Sweden, Linus Walleij, akatengeneza mfumo mmoja wa kusimamia pini, ukaingia katika toleo la 3.2 lililotoka Januari 2012. Wakati huohuo maelezo ya bodi yakawa yanahamishwa kutoka ndani ya msimbo kwenda kwenye faili la pembeni, linaloitwa mti wa vifaa, na kila kinachoandikwa ndani ya mti huo kikatakiwa kiwe na hati yake.

Wakaguzi wa hati hizo wana sharti moja ambalo hawalilegezi: eleza kifaa kilivyo, usieleze programu yako inavyotaka kukitumia. Ukiandika kwamba pini ni ya kuwasha taa kwa sababu wewe unawasha taa, watakurudishia. Andika kwamba pini inaweza kutoa umeme, na ina uwezo gani. Taa ni habari ya mwenye bodi. Kesho mwingine ataunganisha pampu hapohapo, na hati yako inapaswa kumfaa na yeye.

Sharti hilo limenibadilisha katika kazi na hata katika namna ya kusema. Niliwahi kuitwa kutengeneza sanduku la umeme wa jua lililofungwa na mafundi waliotoka mbali, wakaondoka. Ndani kulikuwa na nyaya nyekundu tupu, na karatasi moja tu iliyobandikwa mlangoni: bonyeza hiki, kisha subiri, kisha bonyeza kile. Ilikuwa imeandikwa kwa siku ambayo kila kitu kingekuwa kizima. Siku kilipoharibika haikusaidia chochote, maana haikusema waya gani unatoka wapi na kwenda wapi. Tulizifuata nyaya kwa mita, mmoja baada ya mwingine, mimi na kijana ninayemfundisha kazi.

Tulipomaliza nikamwambia achore kila waya kabla hatujafunga mlango. Akaniuliza, akiniita kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "Yaya, kama sasa inafanya kazi, tunamwandikia nani?"

Nikamjibu, "Mudogo, yule atakayefungua sanduku hili wakati mimi na wewe hatupo."

Alichora. Alitaka kuandika pia "usiguse hapa", nikamkataza, nikamwambia aandike kuna volti ngapi hapo. Anayesoma akijua volti, ataamua mwenyewe aguse au asiguse. Naona huko ndiko kumheshimu mtu: kumpa ukweli wa kitu na kumwachia uamuzi.

Sharti la pili ni zito zaidi. Hati ikishakubaliwa na bodi zikaanza kuitumia, haibadilishwi ovyo. Kerneli mpya inapaswa kuuelewa mti wa vifaa ulioandikwa miaka mingi nyuma. Ile 4 inayomaanisha kazi sifuri inaudhi, lakini imeshaahidiwa, na itaendelea kuwa 4. Sisi wa nchi ya Walunda hili hatuhitaji kufafanuliwa sana. Kutoka hapa ukielekea kaskazini kuna Kapanga, na huko ndiko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Kwa desturi ya Walunda, anayerithi cheo anarithi na jina la aliyemtangulia, pamoja na udugu wake: waliokuwa ndugu za marehemu kwa cheo ni ndugu zake pia, na deni la undugu halifi na mtu. Kerneli inarithiwa namna hiyo, toleo kwa toleo, na neno la aliyetangulia linabaki kumfunga anayekuja.

Tena kila anayeongeza kitu analazimika kuweka jina lake chini. Utaratibu huo ulianza mwaka 2004, na maana yake ni kusema: nina haki ya kutoa kazi hii, na nathibitisha kwa jina langu. Nimeona miradi mingi mkoani kwetu ambayo ina kibao kikubwa cha mfadhili nje, na ndani haina jina la aliyefunga waya. Ningependa iwe kinyume.

Mkoa huu wa Lualaba unatoa shaba, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani. Madini yetu yanarudi kwetu yakiwa bodi na betri, nasi tunazinunua kama watu wasiohusika. Kuhusika kunawezekana, na hakuhitaji mgodi. Hati za kerneli zinasahihishwa kwa barua pepe na mtu yeyote mwenye kifaa mkononi, subira ya kukipima, na ujasiri wa kusaini. Folda ya tafsiri ina Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania, Kiswahili hakimo. Vijana wa Kolwezi, Dilolo, Kasaji na hapa Sandoa, chagueni chipu moja mnayoijua, muandike pini zake kwa Kiswahili, na mweke majina yenu chini.