Ua Lililokataa Joto la Kasese

Wengi wenu mmeona maua yanayopandwa mikebeni yakastawi bila taabu. Mimi nataka kuwasimulia habari za ua moja lililonishinda, nalo likanifunza jambo.

Kwetu ni Kasese, magharibi ya Uganda, mji wa joto ulio chini ya Milima ya Rwenzori. Bibi yangu, mama wa baba, alikaa mlimani, juu ya Kilembe. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mvua kubwa ilinyesha huko, Mto Nyamwamba ukafurika, na nyumba ya bibi ikachukuliwa na maji. Yeye mwenyewe aliokoka, Mungu ashukuriwe. Akashuka kukaa nasi. Kikapuni mwake mlikuwa na nguo chache, sufuria moja, na kipande cha tawi lenye mimea midogo. Mti mkubwa wa shambani kwake ulikuwa umeanguka, naye akakata tawi hilo. Sisi watoto tulicheka. Akasema, "Ua hili nimelijua tangu nilipoolewa. Vyote vimekwenda, hili limebaki."

Mimea hiyo ilikuwa okidi, mafungu mawili. Kila shina limevimba chini na kuchongoka juu, tena lina jani moja tu. Jina lake la kitaalamu ni Polystachya cultriformis, nayo huota juu ya miti katika misitu ya milimani ya Afrika, na hata Madagaska.

Wakati ule shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa na umri wa miaka 14, nikajiona bwana shamba. Nikalipanda fungu la kwanza katika mkebe wa udongo mweusi na samadi ya mbuzi, nikaliweka dirishani, nikalimwagilia asubuhi na jioni. Baada ya majuma matatu mashina yalikuwa laini kama ndizi iliyooza. Bibi akachungulia mkebe, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kule juu ya mti, nani alikuwa akipeleka samadi?" Sikuwa na la kujibu. Niliona haya sana, maana nilichoharibu hakikuwa changu.

Fungu la pili tulilifunga pamoja, mimi na bibi, juu ya gogo lenye gamba, kwa nyuzi za mgomba. Tukalitundika kivulini chini ya mwembe, mahali penye upepo, na jioni tukalinyunyizia maji ya mvua. Halikufa. Lakini halikutoa ua, na kila mwaka machipukizi yake yalikuwa madogo kuliko ya mwaka uliotangulia.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022, nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia. Alinieleza kwamba okidi ya namna hii hainyonyi mti, bali huushikilia tu. Mizizi yake ina ganda jeupe kama sifongo, linalofyonza mvua na ukungu upesi, kisha hukauka na kupata hewa. Ndiyo sababu udongo uliolowa uliiozesha. Tena akasema kwamba mtu akipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kadiri ya nyuzi 6. Mmea hutengeneza chakula mchana. Usiku ukiwa na joto, hutumia sehemu kubwa ya chakula hicho bure, ukabaki na kidogo cha kukulia. Nikaazima kipimajoto, nikapima usiku nyumbani kwetu: mara nyingi hapakushuka chini ya nyuzi 20. Basi nikafahamu. Okidi yetu ilikuwa na maji, kivuli na mapenzi, ila usiku wa baridi haikuwa nao.

Mwaka 2023 baba mdogo alijenga nyumba mlimani, mbali na mto, na bibi akarudi. Nilimbebea gogo lake kichwani. Tulilifunga kwenye mti ulio kando ya migomba, ukungu unapopita kila asubuhi. Desemba 2024 nilipokwenda likizo, nilikuta maua madogo meupe, kila moja limegeuza mdomo wake juu. Bibi akanicheka: "Ulitaka ua lishuke kwako. Mlima haushuki, mwanangu. Wewe ndiwe wa kupanda."

Wenzangu mnaokaa penye baridi, kama Kabale, mnaweza kuikuza okidi ya milimani nyumbani: ifungeni gogoni, msiizike udongoni, ipeni kivuli na upepo. Lakini msikate msituni. Mbuga ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991, si bustani ya kuchumia. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota msituni bila kusaidiwa na kuvu, kama alivyogundua Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Anayeng'oa mmoja hawezi kupanda mwingine kirahisi. Okoteni ya tawi lililoanguka shambani kwenu, kama alivyofanya bibi.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami nimeona kwamba cha juu nacho kina sharti lake. Kupenda kitu hakutoshi; sharti ujue kwao ni wapi.