Mtu wa Karema Juu ya Karthala

Aliyezaliwa Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, hakulelewa na hadithi za milima itemayo moto. Amelelewa na maji. Anaujua upepo wa kusi, anazijua taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, na anajua kuwa chini ya mitumbwi ya ziwa lake kuna kina ambacho mahali pengine hufika mita 1,470. Mtu kama huyo akijaliwa kufika Ngazija na kuupanda mlima Karthala, swali lake la kwanza haliwi la moto. Huuliza: mito iko wapi?

Haipo. Safari huanza kabla ya alfajiri, katika vijiji vilivyo juu ya Moroni. Njia hupita migombani, ikazama msituni penye ukungu, kisha ikatokeza kwenye vichaka vifupi na majivu meusi. Mwenye miguu hupanda na kushuka siku hiyohiyo. Wengine hulala huko juu. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini jiwe la volkano lina matundu, na kila tone hulinywa. Ndiyo maana Wangazija, kizazi kwa kizazi, wamekinga mvua katika birika za majumbani. Mlima ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliziangukia birika hizo, watu wakashikwa na kiu huku maji yamo uani.

Kileleni, kwenye mita 2,361, kuna bonde kubwa la volkano, na ndani yake shimo la Chahale. Humo mlikuwa na ziwa dogo hadi Aprili 2005, moto ulipolimaliza. Kwa mtu wa Karema habari hiyo ni nzito kuliko moshi wote wa mlima: ziwa laweza kuondoka.

Kwao nako liliwahi kuondoka, ingawa polepole. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alijenga kituo Karema, karibu na maji, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II. Miaka hiyo Mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi, ulikuwa umezibuka na kuyatoa maji ya ziwa. Ufuko ukarudi nyuma, na boma, ambalo Mapadri Weupe walikabidhiwa mwaka 1885, likabaki nchi kavu. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, likaingia majumbani Kalemie na Bujumbura.

Tena maji hayo yenyewe yana mkono wa moto. Volkano za Virunga ndizo zilizoyazibia maji ya Kivu njia ya kaskazini, hata, maelfu ya miaka iliyopita, yakafurika kusini na kuteremka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika. Moto ulioziba huko ndio uliomimina huku.

Mwaka 1977 lava ilifunika sehemu kubwa ya kijiji cha Singani, na watu wakarudi kujenga juu ya mwamba uliopoa. Asiyejua huwaita wakaidi. Mtu wa Karema hawaiti hivyo. Anaijua hali ya kuishi kwa hisani ya ardhi isiyotulia, na kuipenda vivyo hivyo, bila kudai kuwa ni yake.