Diski iliyokufa na picha ya mtoto wa Nyamukubi

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini mwezi wa kumi ulipita karibu wote bila habari kutoka kwangu hapa Bukavu. Wengine walisema nimehama, mwingine akasema nimepata kazi kwenye shirika. Ukweli ni kwamba diski yangu ilikufa. Na siku ilipokufa nilikuwa nimetoka kumwahidi mtu kitu kilichokuwa ndani yake.

Ilianza mwishoni mwa mwezi wa tisa, pale Kadutu, kwenye mteremko unaotoka sokoni. Baba mmoja alinishika mkono.

“Wewe ni mwandishi wa habari. Ulitupigaka picha kule Nyamukubi, kwenye masomo.”

Nilimwangalia, sikumkumbuka. Lakini ni kweli, mwaka 2022 nilifika Nyamukubi kwa habari ya soko na ya barabara mbaya, nikapita kwenye shule ya msingi, na watoto wakakimbilia kamera kama watoto wanavyofanya popote. Binti yake alikuwa kati yao, mbele kabisa, alisema, na kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa na miaka tisa.

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikafurika, na maji yakashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawajaonekana hadi leo. Serikali ilitangaza tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya taifa. Hayo nyote mnayajua, tuliyaandika hapa. Kile ambacho sikuwa nimekifikiria ni kwamba maji yalichukua pia picha. Yule baba alipoteza mke, binti, nyumba, na simu iliyokuwa ndani ya nyumba. Hakubaki na sura ya mtoto wake popote.

“Papa, nitakutafutia,” nikamwambia. “Kesho utaipata.”

Hiyo “kesho” imenitesa sana.

Jioni ile nilichomeka diski ya nje kwenye kompyuta. Ilikuwa na kila kitu changu tangu mwaka 2016: picha, sauti, barua, habari ambazo hazijatoka. Miezi mingi ilikuwa ikichelewa kufunguka, na mara nyingine ilitoa mlio mdogo. Nilijua. Nilikuwa nikijiambia nitanunua ya pili mwezi ujao, na kila mwezi ulikuja na kodi ya nyumba na karo za shule. Saa moja na nusu umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, kwa hiyo kila kitu kilizimika pamoja. Umeme uliporudi ulirudi na nguvu, taa ikaruka rangi ya bluu, kisha ukakatika tena. Stabilizatere ninayo, lakini ilikuwa imechomekwa kwenye televisheni. Watoto walikuwa wanangoja mechi.

Nilipowasha tena, kompyuta iliniambia kwa Kifaransa kwamba lazima nifomati diski ndipo niweze kuitumia. Chini ya maneno hayo kuna vitufe viwili. Nashukuru Mungu kwamba usiku ule niliogopa kubonyeza.

Asubuhi niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuitazama hata dakika moja. Akasema: tunafomati kwanza, halafu tunaweka programu ya kurudisha, dola 20, uiache hapa urudi saa kumi. Bei haikunishtua. Kilichonishtua ni neno “uiache”. Ndani ya diski ile kulikuwa na sauti za watu walioniamini: wanawake waliosema waliyotendewa wakiomba majina yao yasitoke, wachimba madini waliotaja nani anawatoza. Wengine wao wanaishi kilomita chache kutoka kwa watu waliowataja. Meza ya fundi huyo ilikuwa na diski kama kumi, zote wazi, kila mteja anapita mkono wake juu. Nikachukua yangu, nikaifunga ndani ya sweta, nikaondoka.

Kijana aliyenisaidia nilielekezwa na dada yangu. Sitamtaja jina, hapendi. Ana chumba kidogo upande wa Nyawera, meza moja, na betri ya gari yenye konventisa chini ya meza. Aliweka sikio lake juu ya diski kama daktari.

“Yaya, umejaribu kuiwasha mara ngapi?”

Nikamwambia labda mara kumi na tano. Akatikisa kichwa.

“Iko nachoka. Usiiguse tena.”

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Ndani ya diski ya aina hii kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vidogo vinavyosoma vikielea juu yake bila kugusa. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, ile orodha inayoonyesha faili gani iko wapi inaweza kuharibika. Faili zenyewe mara nyingi bado ziko pale pale, kama mizigo kwenye depo ambayo daftari lake limeungua. Lakini kama vichwa au sahani vimeanza kuchoka, kila mara unapowasha kujaribu “labda leo itakubali”, unakula kile kilichobaki. Ukifomati unaandika orodha mpya tupu, na ukiweka programu juu ya diski hiyo hiyo unaweza kufunika kile unachokitafuta. Kuna pia wale wanaoshauri kuweka diski kwenye friji. Usiweke. Inatoka na maji ndani.

Kama vichwa vingekuwa vimevunjika kabisa, alisema, ingebidi ifunguliwe kwenye maabara yenye chumba kisicho na vumbi, mbali na hapa, kwa mamia ya dola. Yangu ilikuwa bado inasoma, kwa shida. Kwa hiyo kwanza ni kunakili diski nzima, nzuri na mbaya pamoja, kwenye diski nyingine, halafu kutafuta ndani ya nakala. Ile ya zamani isiguswe tena. Nilinunua diski mpya kwa dola 65 za mkopo.

Akaniuliza kama nataka kuiacha. Kabla sijajibu akasema mwenyewe: “Hapana, bora ukae nayo. Mimi sitaki kujua yaliyomo.” Akanipa mashine yake ya zamani na ufunguo wa USB wenye Linux, akanionyesha amri moja ya kuandika, nikabeba vyote nyumbani pamoja na betri.

Programu inaitwa ddrescue. Ni ya bure. Inapita kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, inaruka zile mbaya, kisha inarudi kwenye mbaya polepole. Lakini kilichonifurahisha zaidi, mimi mtu wa Bukavu, ni kwamba inaandika kwenye faili ndogo mahali ilipofika. Umeme ukikatika, unawasha tena, unarudia amri ile ile, na inaendelea pale pale ilipoachia. Sijui aliyeitengeneza anaishi wapi, lakini angeweza kuwa jirani yangu.

Ilichukua siku kumi na moja. Betri ilibeba saa tatu au nne, kisha tulingoja umeme. Umeme kwetu ulikuwa unakuja zaidi usiku, kwa hiyo nililala kwenye kiti sebuleni, nikiamka kila ulipokuja. Mke wangu alisema hata watoto wachanga hawakunifanya nikeshe hivyo. Alikuwa na haki kusema.

Na yule baba? Alipiga simu siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Mara mbili sikuitika. Siku ya tano nilimwambia ukweli, kwamba diski imekufa na sijui kama picha itapatikana. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Sawa, mwandishi. Maji pia hayakutuambia.” Ningependa angenitukana.

Nakala ilipokwisha, kijana alijaribu kurudisha ile orodha, ikakataa. Ndipo akatumia PhotoRec, programu nyingine ya bure, ya Mfaransa Christophe Grenier. Hiyo haiangalii orodha kabisa. Inapitia diski tangu mwanzo hadi mwisho, na kila inapoona alama ambazo picha huanza nazo, inaitoa. Ubaya wake ni kwamba majina yote yanapotea. Folda zangu nilizopanga vizuri, “Nyamukubi 2022”, “Walungu”, “Idjwi”, hakuna tena. Zilitoka picha zaidi ya 14,000, kila moja ikiitwa herufi f na tarakimu nyingi.

Kijana akasema hakuna shida, tarehe hubaki ndani ya picha, tutazipanga kwa tarehe. Ni kweli, hubaki. Lakini kamera yangu ya wakati ule ilikuwa inasahau saa kila ukitoa betri, na mimi sikuwa nikirekebisha. Nusu ya picha zilisema zimepigwa tarehe 1 Januari, mwaka ambao sikuwa hata na kamera.

Ikabaki kuangalia moja moja. Kwanza nilitenga yote niliyoweza kuyatambua kwamba hayapaswi kuonekana na mtu mwingine. Kisha nikampigia yule baba, kwa sababu ndiye anajua sura ya binti yake. Alikuja Jumamosi saa mbili asubuhi, amevaa koti. Mke wangu akatupa chai na mikate.

Tulipofika kwenye soko la Nyamukubi nilitaka kupita haraka, tufike shuleni. Akanizuia.

“Rudisha. Huyu mama wa ndizi. Huyu tulimzika.” Picha nyingine. “Huyu hatukumpata. Huyu ni bwana yake, yeye iko, yuko Minova.” Picha nyingine, ya watu wanapakua mtumbwi. “Hawa wawili ni ndugu. Huyu wa kofia hatukumpata.”

Nilikuwa nimepiga picha zile kwa ajili ya habari ya bei za maharage. Sikuwa nimeuliza jina la mtu hata mmoja. Nikachukua daftari, nikaandika: namba ya faili, jina, jina la baba, yuko au hayuko. Hatukula mchana. Saa tisa tulikuwa na majina 58.

Shule ilikuja karibu jioni. Picha saba. Tano zilifunguka vizuri, lakini mtoto hakuwemo, au alikuwa mgongo tu. Ya sita haikufunguka. Ya saba ilifunguka nusu: juu ukuta wa shule, kitambaa chekundu, paji la uso, macho, pua, na mdomo unaocheka. Kuanzia kidevu kwenda chini ilikuwa rangi ya majivu, laini, kama karatasi. Sehemu ile ya diski ndiyo iliyokufa.

Nilianza kumwomba radhi. Hakunisikiliza. Alisogeza kiti karibu na skrini na kusema jina la mtoto, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama vile mtu anamwita aje kula.

Jumatatu tulienda kwenye studio ya picha. Mpiga picha alijitolea kutengeneza shingo na gauni kwa kompyuta, ili ionekane kamili. Baba alikataa. Akasema akate tu pale inapoishia. Ikatoka picha fupi, pana, ya uso peke yake. Alilipa mwenyewe, franka zake, hakukubali nilipe.

Diski ya zamani iko kwenye kabati, imefungwa kwenye sweta ile ile. Nakala ziko mbili sasa, moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu Bagira, na zile sauti nimezifunga kwa neno la siri. Stabilizatere imehama kutoka kwenye televisheni.

Yule baba alipiga tena wiki iliyopita. Amewaambia watu. Familia kumi na tatu zinauliza kama na wao wako ndani ya mashine. Nimechapisha picha 40, nyuma ya kila moja nimeandika jina kwa kalamu, na Alhamisi napanda mtumbwi kwenda Nyamukubi. Kama una ndugu wa kule, mwambie aje karibu na gati. Kuna nyuso 22 ambazo hata baba yule hakuzijua.