Mtoto wa Mama Mchicha

Kila Jumanne na Alhamisi mchana kazi yangu ni kuua mchicha. Naifanyia ndani ya kitalu nyumba cha chuo, katika mji wa Ames, jimbo la Iowa, nikiwa nimevaa glavu na miwani ya plastiki. Mbele yangu zimepangwa trei za miche yenye majani manne manne. Naipulizia dawa kwa vipimo tofauti, kisha baada ya wiki mbili narudi kuhesabu iliyokufa na iliyogoma kufa. Hiyo iliyogoma ndiyo itakayonipa shahada ya uzamili.

Si mchicha ule tunaokula. Ni ndugu yake. Wenyeji wanamwita waterhemp, vitabu vinamwita Amaranthus tuberculatus. Lakini undugu wenyewe ni wa karibu mno. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa shambani nilitaka kucheka: shina lile lile lenye wekundu, majani yale yale ingawa haya ni membamba zaidi. Huku ndilo gugu linalowanyima usingizi wakulima wa soya. Mmea mmoja wa kike unaweza kutoa mbegu laki mbili na nusu, na mingine hufika milioni. Linaota kuanzia majira ya kuchipua na kuendelea kuota kiangazi kikiwa kimekolea, wakati mkulima ameshaweka jembe chini. Glaifoseti, dawa ambayo zamani ililimaliza, siku hizi magugu mengi ya ukoo huo yanainywa kama chai ya rangi.

Mama yangu nilimwambia nasomea mazao.

Mama analima mchicha katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Ana matuta kumi na manne na kisima alichochimba mwenyewe na kaka yake, kwa sababu wateja walishazoea kuuliza: mchicha huu umemwagiliwa maji gani? Anasia leo, baada ya wiki tatu au nne anang'oa, anafunga mafungu, anapanga kwenye tenga na kuupitisha mitaani kabla jua halijaunyong'onyeza. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye ni mimi. Wanamwita Mama Mchicha.

Usiku wa kuamkia safari yangu alinipa kifundo cha mbegu, amezifunga kwenye kipande cha kanga. "Ukifika utasia, usile makopo tu huko." Marekani hairuhusu mtu kuingia na mbegu bila cheti cha afya ya mimea, na mimi kama mtu wa kilimo nililijua hilo vizuri. Ningeweza kumweleza kwa dakika mbili na angeelewa. Badala yake nikapokea kwa mikono miwili, nikasema nimeziweka kwenye begi dogo. Usiku wa manane nikazisokomeza chini ya godoro.

Basi mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala uani, nikaamua kupanda mchicha. Sijui hasa kwa nini. Nafikiri ni ile baridi. Ukikaa miezi mitano bila kuona udongo unaanza kufanya mambo ya ajabu. Mwenye nyumba tunayopanga, mimi na wanafunzi wenzangu watatu, alikuwa ametupa ruhusa ya kulima kipande cha hatua nne kwa mbili nyuma ya jiko. Nilinunua pakiti ya mbegu kwenye duka la vyakula vya Asia. Nikajaza udongo wa dukani kwenye trei, nikaatika, nikaweka dirishani.

Ziliota baada ya siku nyingi. Zikarefuka, nyembamba kama nyuzi, zote zikiinamia kioo kutafuta jua ambalo kwa kweli halikuwepo. Kisha zikaanza kulala. Shina linaoza pale linapogusana na udongo, mche unaanguka. Ni kinyausho. Ugonjwa huo nimeufanyia mtihani. Naweza kukutajia Pythium na Rhizoctonia hata ukiniamsha usingizini. Nilichokuwa sijui ni cha kufanya.

Nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu sogeza simu. Hivyo ni nini?"

"Mchicha."

Alinyamaza kidogo. "Nani alikwambia mchicha unaatikwa? Hizo ni adabu za nyanya. Halafu umezika mbegu kama unazika mtu. Na maji, ona, umeyafanya matope."

Aliongea dakika ishirini. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo, maana nyumbani yeye ni mtu wa maneno machache. Mbegu changanya na mchanga mkavu, vipimo vitano vya mchanga kwa kimoja cha mbegu, ndipo utamwaga sawasawa mkono usipofanya mafungu. Usifukie, pitisha tu tawi juu ya tuta, kama unafagia na hutaki kufagia. Zungushia jivu, sisimizi wanabeba mbegu usiku na wewe asubuhi unalaumu duka. Usisie mpaka ardhi ipate joto.

"Huku ardhi haina joto, mama. Juzi ilikuwa barafu."

"Basi subiri. Kwani unakimbizwa?"

Nikasubiri. Wenyeji wa hapa wana kanuni yao: mimea inayoogopa baridi haitoki nje kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, ambayo kwao ni Siku ya Mama. Kabla ya hapo kunaweza kuwa na jua la kukudanganya wiki nzima, uvue hadi sweta, halafu usiku mmoja jalidi ikashuka na kuchoma kila kitu. Nilipita nikiwaona majirani wakitoa trei zao za nyanya asubuhi na kuziingiza ndani jioni, siku baada ya siku, kuzoesha miche upepo na jua. Watu wazima wanaopeleka miche matembezini. Nilianza kuwapenda kidogo.

Mwezi wa nne, kabla ya hiyo Siku ya Mama, masika yalikuwa yamefika Dar es Salaam. Mama alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi.

"Maji yamepita," alisema.

Matuta yote. Kibanda nacho, pamoja na jembe, keni mbili na debe alilohifadhia mbegu. Nyumba ilisalimika kwa kuwa tuko juu kidogo. Alisema kwa sauti anayotumia kuniambia bei ya sukari. Msimbazi unafurika, si ajabu kwake, lakini safari hii hakuwa ameokoa hata mbegu. Nilimtumia dola 60. Akanunua keni moja, zilizobaki akamnunulia mdogo wangu viatu vya shule.

Nilisia Jumapili hiyo yenyewe. Mchanga vipimo vitano, mbegu kimoja. Udongo wa Iowa ni mweusi kama mkaa, ukiushika unabaki mkononi, na nakiri niliuonea wivu kwa niaba ya mtu mwingine. Siku ya saba tuta lilikuwa limevaa rangi ya kijani isiyozidi unene wa vumbi. Wiki mbili baadaye nikaanza kupunguza. Hiyo ndiyo kazi niipendayo kuliko zote: unachuchumaa, unatoa miche iliyobanana, na hiyo unayoitoa ndiyo chakula chako cha jioni. Mikono ilijua yenyewe. Tangu darasa la tatu mpaka nilipofika kidato cha kwanza nilikuwa nikifanya hivyo kila alfajiri kabla ya kuvaa sare.

Kidato cha kwanza ndipo nilipoacha. Enzi hizo ada haijafutwa, kwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mama aliileta mwenyewe. Alikuja moja kwa moja kutoka bondeni, kanga ina matope, ameshika mfuko wa nailoni wenye sarafu mia moja za shilingi 200. Zilikuwa na unyevu. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi na wenzangu watatu, na mmoja akauliza yule mama ni nani. Nikasema ni jirani, ametumwa na mama. Sikusema kwa sauti ya chini kama nilivyodhani. Mwalimu alipomuuliza, "Wewe ndiye mzazi wake?" mama alimimina sarafu mezani, akajibu, "Hapana mwalimu. Nimetumwa."

Hatujawahi kulizungumza.

Katikati ya Juni nilikwenda kwenye shamba la majaribio kwa siku tatu. Niliporudi tuta lilikuwa jeupe, yaani tupu, limepigwa reki vizuri. Mchicha umelazwa kando ya uzio kwa mpangilio, mizizi yote inaangalia upande mmoja, bado haujanyauka. Jirani yetu, mzee mstaafu ambaye hutukatia nyasi bila kuombwa, alitokea akifuta mikono. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekuokolea nyumba. Aliniambia nina bahati ameliona gugu lile kabla halijatoa mbegu.

Nikamwambia ni chakula. Uso wake ulibadilika, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kisha akanieleza: amekulia shamba la soya, na utotoni kila kiangazi walikuwa wakipita mstari kwa mstari wakiling'oa gugu hilo kwa mikono, kwa ujira mdogo. Wanaiita kutembea maharage. Alinyoosha viganja vyake vile vikubwa kunionyesha mahali palipokuwa na malengelenge, kana kwamba bado yapo.

Niliuokota, nikauosha, nikaupika kwa tui la kopo. Nikampelekea bakuli. Alikula vijiko viwili, akaanza kuzungumzia mvua.

Usiku huo, saa nne kwangu na saa kumi na mbili asubuhi kwake, nilimpigia mama. Nilimweleza habari ya mzee, tukacheka. Halafu, kwa kuwa ilikuwa lazima nieleze mzee aliutambuaje, nikajikuta nimesema na yaliyobaki. Kwamba huku mchicha ni adui. Kwamba chuo kinanilipa kutafuta jinsi ya kuuua. Kwamba hicho ndicho nasomea.

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Kwani hapa tunauacha mchicha pori?" alisema. "Ule wa miba ukiuachia wiki mbili huna tuta. Mimi miaka yote nang'oa." Akafikiri kidogo. "Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

"Eeh. Na mimi wangenilipa."

Nilicheka, na kwa kuwa nilikuwa nacheka nikaona nipite hapo hapo kabla ujasiri haujaisha. Nilikuwa nataka kusema habari ya sarafu. Kilichotoka kinywani kilikuwa kingine. "Mama, zile mbegu ulizonipa..."

"Zile za chini ya godoro?"

Sikujibu.

"Nilizikuta siku ileile uliyoondoka, natandua kitanda. Nikaziweka kabatini. Maji yalipopita ndizo nilizosia, maana nyingine zote zilikuwa kibandani." Akageuza simu. Bonde lilikuwa na ukungu mwepesi, na matuta, nilihesabu sita, yalikuwa ya kijani mpaka ukingoni. "Ndizo hizi. Mbegu nzuri. Wiki ijayo nang'oa."

Nikasema, "Mama, samahani."

"Ya nini sasa? Ngoja nimwagilie jua halijatoka."

Aliegemeza simu kwenye kitu, sijui gogo au ndoo, ikawa inaonyesha anga tu. Hakukata. Nilisikia maji yakimwagika kutoka kwenye keni, yakakoma, hatua zake kwenda kisimani, yakamwagika tena, mpaka bando lake likaisha.