Vyombo Vimerudi Basi

Mama mdogo haweki nukta wala mkato kwenye meseji. Asubuhi ile nikiwa stendi ya Mbinga aliniandikia maneno matatu: "vyombo vimerudi basi". Nikapiga, simu yake imezima.

Usiku mwera, ule upepo wa kusini, ulikuwa umelichafua ziwa, na baba mdogo alikuwa ametoka Liuli kuvua usipa.

Mbinga tuko milimani, kwenye kahawa na ngoro za Wamatengo. Huku chombo ni sahani, ni sufuria. Kwa trafiki kuna chombo cha moto, hata bajaji imo. Ukiteremka Nyasa, chombo ni chochote kinachokubeba majini, kuanzia mtumbwi hadi meli kama MV Songea. Sasa vimerudi vipi? Mitumbwi iliyokwenda kumtafuta? Au sufuria za kuazima? Sufuria za jirani, kwetu, hutoka nyumba ikijaa watu, na watu hawajai bure.

Halafu hilo "basi". Ni maneno mawili yaliyofanana sura: la usafiri tumelitoa kwa Waingereza, nao walilikata kutoka Kilatini, omnibus, yaani kwa wote, jingine asili yake Uajemi, maana yake imetosha. Imetosha nini? Kutafuta? Au ananiambia nipande basi?

Nikapanda. (Konda mwenyewe halitumii, kwake ni "gari hiyo, Mbamba Bay!" Basi ni la kumfokea asiye na nauli: "Basi, shuka!") Ni kilomita 60 na ushei za lami na kona, na kila kona niliisoma ile meseji upya. Mara ananituliza, mara ananipa pole. Mbamba Bay nikachukua bodaboda.

Nilimkuta mama mdogo amechuchumaa ufukweni, anasugua sufuria kwa mchanga. Sufuria kubwa. Magoti yakaniisha nguvu.

"Umefuata nini?" akauliza. Nyuma yake, chini ya mwembe, baba mdogo alikuwa amelala mkekani, anakoroma. Mtumbwi wake ulipasukia kwenye mawe, wenzake wakamwokota. Hizo sufuria walipikiwa wao uji.

"Mama, si uliandika basi?"

"Ndiyo. Basi, usije."

Akanisukumia sufuria moja nisugue.