Simbo hadi Kalya kwa pikipiki: Mama kasema hapana, ziwa linasema haraka!

Wiki hii sina habari ya nani kamwacha nani. Nina habari ya pikipiki, barabara na mama yangu mzazi, na katika hizo tatu bado sijajua ipi ngumu zaidi.

Iko hivi. Mimi nakaa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Pikipiki ninayo huu mwaka wa tatu, Boxer ya cc 150, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Safari yangu ndefu kuliko zote mpaka leo ni Mwanga, Ujiji, na kurudi Mwanga. Usicheke. Washikaji kijiweni wameshacheka kwa niaba yako, na jina wamenipa: Kapteni wa Lami.

Sasa Kapteni wa Lami anataka kwenda kusini, kuifuata barabara ile ya Simbo, Ilagala mpaka Kalya. Zaidi ya kilometa 200, sehemu kubwa udongo mtupu, ziwa upande wa kulia na vilima upande wa kushoto. Wanaoijua wanasema hakuna barabara tamu kwa macho kama ile mkoa mzima. Ila mimi sikuanza kuipanga kwa ajili ya macho.

Mwezi wa pili babu yangu mdogo alipiga simu kutoka huko mwambao, kijiji kimoja mbele ya Sigunga. Mtandao ukawa unakatika, sauti inakuja na kupotea kama mtu anayeongea huku anapiga mbizi. Nilichoambulia ni maneno matano tu: "Maji yamefika kwenye mwembe, mjukuu."

Chini ya mwembe ule amelala baba yangu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mawese, anayakusanya huko kwa madumu na kuyaleta mjini. Nilikuwa na miaka saba alipofariki. Tulikwenda kuzika kwa Liemba, mimi na mama, na kitu ninachokikumbuka kuliko vyote si mazishi. Ni ule usiku wa kushuka. Kule mwambao gati hakuna, meli inasimama katikati ya maji, mitumbwi inakuja kuizunguka kwa kelele, mtu anakubeba juu juu na kukupokeza kwa mtu mwingine chini gizani. Mama alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Tangu hapo hatujarudi, yeye wala mimi.

Na ziwa hili nalo, tangu 2020, sote tumeona lilivyopanda. Huku mjini lilipanda mpaka bandarini na kwenye fukwe zetu, watu wakahamisha vibanda. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake, halafu bado likaona halijatosheka, likataka na mwembe wa baba.

Basi nikamwambia mama: naenda kuona. Ikibidi tumhamishe mzee, nitakaa na babu na masheikh wa kijiji, tutajua la kufanya.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Baba yako nimemzika mara moja. Inatosha."

"Mama, maji yatamchukua."

"Na wewe unataka kwenda na nini? Mtumbwi sitaki. Mitumbwi yenyewe inajazwa magunia mpaka ukingo."

"Na pikipiki."

Hapo akainua uso. Msomaji, kuna maneno mama zetu wameyahifadhi kwa ajili ya pikipiki tu. Aliniambia wodi ya mifupa imejaa vijana wa aina yangu, kila mmoja alikuwa anakwenda "hapo tu". Akarudi kwenye mchele wake. Kikao kikafungwa.

Nikafanya kama vijana wote wanavyofanya: nikasema sawa mama, na kesho yake asubuhi nikaenda Simbo kuuliza njia.

Simbo ni kichekesho kidogo. Barabara ya mwambao inaanzia pale, lakini ukisimama kijiweni ziwa hulioni. Unaona michikichi. Michikichi kulia, kushoto, nyuma ya nyumba, pembeni ya msikiti, na harufu ya mawese yanayochemshwa inakufuata mpaka ndani ya helmeti (au elementi, kama tunavyoiita wenye nayo). Bonde la mto Luiche haliko mbali, kwa hiyo na mpunga upo. Mahali tulivu, pazuri. Kabla tu ya kufika kijiweni nikakuta mchanga laini, kama ndoo nne hivi, nikashika breki ya mbele, na Kapteni wa Lami akalala chini mbele ya watoto wa shule. Taratibu sana, kama mtu anayejilaza kupumzika. Walicheka mpaka mmoja akaangusha daftari.

Aliyenisaidia kuinua pikipiki ni mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai kwenye banda la mama lishe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea benchi. "Breki ya mbele kwenye mchanga ni adui yako," akasema. "Punguza mwendo kabla hujaingia, gia ya pili, mafuta kidogo kidogo, acha usukani ucheze kidogo. Ukiukaza, unakulaza." Kumbe enzi zake alikuwa anakwenda Ilagala kwa baiskeli na madumu manne ya mawese nyuma. Mimi na begi moja mgongoni nimeanguka. We acha tu.

Vijana wa bodaboda wa pale nao wakajaa. Hawa ndio wanaipiga hiyo njia na abiria wawili na mbuzi, kwa hiyo nikatoa daftari. Sitakuandikia yote, mengine hayaandikiki kwenye gazeti la familia. Kikubwa walichonisisitizia ni majira. Mvua za kwetu zinaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kukata mwezi wa nne au wa tano. Ukienda ndani ya mvua, ule udongo unageuka ugali, unajaa kwenye madigadi mpaka tairi haizunguki, na vijito usivyovijua jina vinakuzuia siku nzima. Ukisubiri Juni barabara imekauka, ila unakula vumbi. Vumbi linasafishika.

Hapo ndipo tumbo liliponishika. Maana ziwa nalo huwa linafikia juu kabisa mwisho mwisho wa mvua, mwezi wa nne na wa tano hivi. Yaani barabara inaniambia subiri Juni, na ziwa linaniambia Juni utakuta nini? Nilipiga hesabu usiku kucha. Mwisho nikampigia babu, nikamwomba vijana wapange mawe na viroba vya mchanga upande wa majini, nikatuma hela ya viroba. Juni iwe Juni.

Jambo la pili ni Malagarasi. Huo ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani upande wetu wa Tanzania, na pale Ilagala watu wamezoea kuuvuka kwa kivuko kwenda ng'ambo ya Kajeje. Vijana wakaniambia: fika mapema, usijipangie kufika jioni ukadhani utabembeleza mtu. Na usishuke kunawa uso pembezoni, mamba hawajui wewe ni mgeni. Pale karibu na mdomo wa mto huu ndipo Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen mwaka 1916 ili isichukuliwe na maadui. Ilijengwa Papenburg huko Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma. Waliipaka grisi mashine zake kabla ya kuizamisha, wakijua kuna siku itatolewa. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyo hiyo iliyotubeba mimi na mama. Nimeambiwa ukiwa kwenye kivuko huoni chochote cha kukumbusha hayo, maji tu na matete. Mimi nitatazama hivyo hivyo.

Halafu mafuta. Boxer yangu kwa lita moja inakwenda kilometa arobaini na kitu kwenye lami. Kwenye mchanga na vilima, na mzigo, weka thelathini. Vituo vya mafuta vya maana ni huku mjini, mbele huko ni petroli ya kwenye chupa, na ya chupa unainunua kwa imani. Nikapanga kujaza tangi na kubeba dumu la lita tano. Fundi wangu wa Mwanga akaongeza yake: tyubu mbili mpya, viraka na gundi, pampu ya mkono, plagi moja, waya wa klachi wa akiba uliofungwa kabisa sambamba na ule wa zamani, spana za namba tatu tu zinazofungua kila kitu muhimu. Cheni mpya pamoja na sproketi zake, siyo cheni peke yake. Mzigo mzito uwe chini na sawa pande zote mbili. Begi la mgongoni kalikataa katakata: "Saa mbili za kwanza utajiona komandoo, ya tatu utalia."

Na leseni. Hapa naona aibu, ila nasema. Nilipoitoa kuipiga picha nikakuta ni daraja A1, ambalo ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Mimi naendesha 150. Miaka mitatu naongea na matrafiki kwa kujiamini kabisa! Nimerudi darasani, nimefanya jaribio, sasa ninayo A. Wewe unayenicheka, hebu itoe na yako uitazame.

Kijiweni wakaanza kuniita Che. Hii nayo ina kisa chake. Yule Che Guevara wa kwenye fulana, 1952 akiwa kijana mwanafunzi wa udaktari, alitoka Argentina na rafiki yake Alberto Granado kwa pikipiki moja kuukuu aina ya Norton, wakaizunguka Amerika ya Kusini. Dunia nzima inaisimulia ile safari ya pikipiki. Wasichosimulia sana ni kwamba pikipiki iliwafia Chile, njia iliyobaki ndefu wakaenda kwa miguu na lifti. Na huyo huyo Che, Aprili 1965, alipita hapa hapa Kigoma, akavuka ziwa usiku kwenda kupigana Kongo, na Novemba akarudi kwa njia hiyo hiyo, mambo yamemharibikia. Kwa hiyo wanaponiita Che huwa nawaomba waniite Kapteni tu.

Ramani yangu sasa inasomeka hivi. Siku ya kwanza natoka Simbo alfajiri, Ilagala kabla jua halijawaka, navuka, halafu Sunuka, Sigunga, nalala kwa babu. Huko nitakaa siku ninazotakiwa kukaa. Kama mambo yatakwisha vizuri ndipo nitaendelea kusini, kuiona milima ya Mahale, hifadhi ya sokwe tangu 1985, yenye kilele cha Nkungwe mita 2,462 kinachosimama ghafla juu ya ziwa, kisha Kalya. Kama hayatakwisha vizuri, nitageuza. Nilikuwa nimejiandikia pia "kula migebuka kila kijiji" mpaka mtu akanikumbusha kwamba 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nikanunua karanga na maharage.

Yote haya nilikuwa nayafanya kimya kimya, pikipiki ipo kwa fundi, vitu nimevificha chini ya kitanda. Kumbe mama anafagia chini ya kitanda.

Juzi Jumapili narudi nikamkuta amekaa barazani, mbele yake tyubu mbili, pampu na lile dumu tupu, amevipanga kwenye mkeka kama bidhaa. Nikajua leo ndiyo leo. Akaniuliza tu, "Unaondoka lini?" Nikasema Jumamosi ijayo. Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye gunia bichi. Mche wa mchikichi, urefu wa mkono, udongo bado uko kwenye mizizi.

"Huu uupande kichwani kwake," akasema. "Kama mtamhamisha, uupande huko mtakakomhamishia. Baba yako hakuwa mtu wa maembe."

"Mama, nitaufunga wapi? Kushoto kuna dumu la petroli, kulia kuna vifaa."

"Mimi si fundi pikipiki."

Nilikwenda kwa fundi tukaupima. Hautaki kulala, unataka kusimama, na hautakiwi kupigwa na joto la injini. Dumu tumeliacha. Petroli nitanunua ya chupa, Ilagala, kwa imani, na mche utasimama upande wa kushoto, upande wa vilima. Alhamisi naumwagilia, Ijumaa nalala mapema, Jumamosi saa kumi na moja unusu alfajiri nipo Simbo. Ukiniona na majani yanapepea nyuma, ujue ndiye mimi, na kwenye ule mchanga wa kijiweni nitapita gia ya pili.